Telomerasi si mzizi pekee wa usugu wa saratani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyotoka wiki iliyopita katika gazeti lako, kuhusu kimeng'enya kiitwacho telomerasi na sababu za saratani kushindwa kutibika kwa dawa. Sina ugomvi na mwandishi kwa kulichagua somo hilo. Nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likitoa ukurasa mzima kwa jambo ambalo kwa kawaida hufungiwa ndani ya majarida ya wataalamu. Ninachopinga ni kwamba msomaji aliachiwa mambo matatu ambayo, akiyachukua kama yalivyoandikwa, yatampotosha: kwamba telomerasi ndiyo inayozifanya seli za saratani kuwa sugu, kwamba ikizuiwa seli hizo hufa papo hapo, na kwamba seli zenye afya hazina kimeng'enya hicho kabisa. Katika la kwanza kuna ukweli nusu. Mawili yaliyobaki hayawezi kuachwa bila kusahihishwa.

Nimefanya kazi katika maabara ya kukuza seli kwa miaka 14, na sehemu kubwa ya muda huo nimeitumia kuzimiminia seli za saratani dawa na kuhesabu zinazobaki. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Niseme kwanza yale ambayo mwandishi aliyapatia. Ncha za kromosomu zetu, yaani nyuzi za DNA zilizo ndani ya seli, zimefunikwa na telomeri, yaani mfululizo wa herufi sita za DNA, TTAGGG, unaorudiwa maelfu ya mara bila kubeba maagizo ya kutengeneza protini yoyote. Kila seli inapogawanyika, mfumo wa kunakili DNA hushindwa kuimaliza ncha, hivyo hupotea jozi za herufi kati ya 50 na 200, na baada ya migawanyiko kati ya 40 na 60 seli ya kawaida inayokuzwa maabara husimama. Kikomo hicho kilielezwa na Leonard Hayflick na Paul Moorhead mwaka 1961, ingawa wakati huo sababu yake haikujulikana. Telomerasi hurudisha herufi zilizopotea. Ina sehemu mbili za msingi: kipande cha RNA, molekuli iliyo ndugu ya DNA, kinachotumika kama kielelezo cha kunakilia, na protini iitwayo TERT inayofanya uandishi wenyewe.

Hapa nina sahihisho dogo. Telomerasi haikugunduliwa katika seli za saratani, kama makala ilivyosema, bali katika Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kinachoishi katika maji ya madimbwi, na Carol Greider, aliyekuwa mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn, aliuona utendaji wake kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1984. Wawili hao, pamoja na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009. Saratani iliingia katika habari hii baadaye: mwaka 1994 watafiti walipima sampuli 101 za uvimbe wa aina 12 wakaikuta telomerasi ikifanya kazi katika sampuli 90, na hawakuikuta katika sampuli 50 za tishu za kawaida walizolinganisha nazo. Nadhani sampuli hizo 50 ndizo zilizomfanya mwandishi aamini kwamba seli zenye afya hazina telomerasi. Nitalirudia jambo hilo.

Neno lenyewe usugu linatusaidia na papo hapo linatupotosha. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mtu anayeshika mpini kila siku. Ni ngozi ileile, iliyobadilika kwa kusuguliwa. Baadhi ya seli za saratani hupata usugu kwa namna hiyo hasa: zikishaguswa na dawa huongeza pampu katika utando wake ili kuitoa nje, au huharakisha ukarabati wa DNA, au hufunga njia ambayo seli iliyoharibika huitumia kujiua. Nyingine hazikusuguliwa na chochote. Zilikuwa hivyo kabla ya sindano ya kwanza, chache miongoni mwa mamilioni, na kazi ya dawa ilikuwa kuwaondoa majirani zao na kuziachia uwanja. Kwa hiyo anayesema kwamba kimeng'enya kimoja ndicho kinacholeta usugu hana budi kueleza kwanza kwamba anazungumzia usugu upi.

Ukimimina sisplatini, dawa ya tibakemikali, asubuhi katika chupa ya seli za saratani, jioni hakuna kikubwa cha kuona. Siku ya tatu kimiminika cha lishe, ambacho kwa kawaida ni safi na cha rangi ya waridi, kimejaa vipande vinavyoelea, na sakafu ya chupa iliyokuwa imetandwa na seli zilizobanana haina kitu. Anayetazama kwa haraka atasema kazi imekwisha. Lakini ukiisogeza chupa polepole chini ya hadubini utakuta hapa moja, pale mbili, seli zilizolala bapa, zimetanuka mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, hazigawanyiki na hazifi. Ukiondoa dawa na kubadilisha lishe, zinaweza kukaa hivyo siku 10, wakati mwingine wiki tatu. Kisha asubuhi moja, pembeni kabisa mwa chupa, kuna kisiwa cha seli ndogo 30 au 40 zinazong'aa kingo, na hapo unajua kwamba mwezi ujao chupa itajaa tena. Kwa maoni yangu, swali la telomerasi na usugu ni swali kuhusu zile seli zilizolala: nini kilizilinda siku ya kwanza, na nini kiliziwezesha kuzaana baadaye.

Haya ni maswali mawili, na makala iliyachanganya. Tuanze na la kuzaana, ambalo ndilo linalojulikana zaidi. Seli iliyonusurika ikianza upya kugawanyika inahitaji ncha zenye urefu wa kutosha, na telomerasi huhakikisha kwamba akiba hiyo haiishi. Ieleweke kwamba katika hatua hii telomerasi haikuizuia dawa kuua. Ilichofanya ni kumpa aliyeponyoka uwezo wa kuacha kizazi. Mgonjwa anaweza kuona kwamba hiyo ni tofauti ya maneno tu, kwa kuwa kwake ugonjwa umerudi na basi. Anayetengeneza tiba haioni hivyo, kwa sababu ndiyo inayoamua kama dawa ya kuzuia telomerasi itolewe pamoja na tibakemikali au baada yake.

Swali la ulinzi lina majibu ya kushangaza zaidi. Protini ya TERT ina shughuli nyingine mbali kabisa na ncha za kromosomu. Seli inapobanwa na kemikali haribifu za oksijeni, ambazo dawa nyingi za saratani huziongeza, sehemu ya TERT huhama kutoka kwenye kiini na kwenda kwenye mitokondria, yaani vinu vidogo vinavyoipa seli nishati, na majaribio kadhaa yameonyesha kwamba huko hupunguza uharibifu na kuichelewesha seli kujiua. Yapo majaribio ambamo watafiti waliiharibu TERT makusudi ili isiweze kuandika hata herufi moja ya telomeri, na bado iliweza kupunguza kifo kinachochochewa na p53, protini ambayo huiamuru seli iliyoharibika ijimalize. Dawa kama sisplatini, doksorubisini na etoposidi hutegemea sana amri hiyo: zenyewe huharibu DNA, na seli ndiyo humalizia kazi. Katika aina kadhaa za seli za saratani zinazokuzwa maabara, kupunguza TERT kumezifanya zife kwa dozi ndogo zaidi za dawa kama hizo, tena ndani ya siku chache, muda ambao telomeri hazijapata nafasi ya kufupika kwa kiasi cha maana. Huu ndio ushahidi ulio bora kwamba telomerasi inahusika na usugu wenyewe na si kurudi kwa ugonjwa tu, na ndio pekee ambao makala haikuutaja.

Jambo hilo lina matokeo ambayo hata wataalamu huyapita haraka. Dawa inayozuia telomerasi kwa kuziba kielelezo chake cha RNA inazuia uandishi wa telomeri, lakini protini ya TERT inabaki palepale. Hakuna sababu ya kutarajia kwamba dawa ya namna hiyo itaizuia kwenda kwenye mitokondria. Mtu anaweza kuzima kazi ya kwanza kabisa na asiiguse ya pili.

Nije sasa kwenye kauli kwamba telomerasi ikizuiwa seli hufa papo hapo. Tufanye hesabu ya mfano, isiyo ya mgonjwa yeyote. Chukua seli moja ya saratani iliyobaki baada ya tibakemikali, iliyo na akiba ya jozi 3,000 kabla ncha hazijawa fupi kiasi cha kuiua, na kila mgawanyiko unakula jozi 100. Telomerasi imezimwa kabisa tangu dakika ya kwanza. Seli hiyo ina migawanyiko 30 mbele yake. Moja inakuwa 2, 2 zinakuwa 4, na mgawanyiko wa 10 ukipita zimekuwa 1,024, idadi isiyoweza kuonekana kwa kipimo chochote cha picha. Mgawanyiko wa 20 unazifikisha zaidi ya milioni moja. Wa 30 unazifikisha zaidi ya bilioni moja, na seli bilioni moja ni uvimbe wa takriban sentimita moja ya ujazo, ambao daktari anaweza kuuona kwenye skani. Kwa maneno mengine, dawa iliyofanya kazi yake kikamilifu, bila kasoro hata moja, imemwachia mgonjwa uvimbe mzima kabla haijaanza kuua.

Nakiri kwamba mwili si chupa. Seli nyingi za uvimbe hufa njiani kwa kukosa hewa na lishe au kwa kushambuliwa na kinga ya mwili, hivyo uvimbe huhitaji migawanyiko mingi zaidi kufikia ukubwa huo, na telomeri zinaweza kwisha kabla. Aidha, saratani nyingi zina telomeri fupi kuliko tishu zinazozizunguka, na hapo ndipo tumaini la watafiti lilipoegemea. Mwaka 1999 majaribio ya kuzima telomerasi katika seli za saratani za binadamu yalithibitisha pande zote mbili: zilizokuwa na telomeri fupi zilikufa mapema, na zilizokuwa na ndefu ziliendelea kugawanyika kwa muda mrefu kabla ya kufa. Kuchelewa huko si dosari ya dawa fulani. Kumo ndani ya mantiki ya tiba yenyewe.

Majaribio kwa wagonjwa yameonyesha hali hiyohiyo. Imetelstati, kipande cha herufi 13 kilichotengenezwa kuziba kielelezo cha RNA cha telomerasi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 116 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, baada ya tibakemikali yao ya kwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba muda wa kati kabla ugonjwa haujaendelea ulikuwa miezi 2.8 kwa waliopewa dawa na 2.6 kwa wasiopewa, tofauti isiyo na uzito. Chanjo iitwayo GV1001, iliyokusudiwa kuifundisha kinga ya mwili kuzishambulia seli zenye TERT, ilijaribiwa nchini Uingereza kwa wagonjwa 1,062 wa saratani ya kongosho, na mwaka 2014 ikaripotiwa kwamba haikuongeza muda wa kuishi. Sisemi haya ili kumkatisha mtu tamaa. Tarehe 6 Juni 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha imetelstati kwa kundi maalumu la wagonjwa wa magonjwa ya uboho yaitwayo mielodisplasia, wale wenye hatari ndogo hadi ya wastani ambao huishi kwa kuongezewa damu mara kwa mara. Katika jaribio lililoleta idhini hiyo, asilimia 39.8 ya waliopewa dawa walikaa angalau wiki 8 bila kuhitaji damu, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopewa dawa bandia. Ni mafanikio ya kweli. Ila yamepatikana katika ugonjwa wa uboho unaokwenda polepole, ambapo muda upo, na hayakupatikana katika uvimbe sugu wa mapafu au wa kongosho. Makala iliyataja mafanikio hayo kana kwamba yanahusu saratani zote.

Mwandishi hakugusia pia kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya saratani hazitumii telomerasi hata kidogo. Hurefusha ncha kwa kunakiliana: telomeri moja huchukua nyingine kama kielelezo, njia ambayo huonekana sana katika saratani za mifupa na baadhi ya uvimbe wa ubongo. Mwaka 2012 ilionyeshwa katika panya kwamba saratani iliyokuwa ikitegemea telomerasi, ikinyimwa, inaweza kuhamia njia hiyo. Basi dawa ya kuzuia telomerasi nayo inaweza kuzaa usugu wake yenyewe. Ndiyo maana mimi huwafuatilia kwa hamu zaidi wale wanaotumia mbinu ya kinyume, yaani kutoizuia telomerasi bali kuilisha herufi mbovu. Dawa ya aina hiyo, inayojulikana kama 6-thio-dG, huingizwa na telomerasi yenyewe ndani ya telomeri na kuiharibu ncha kwa siku chache badala ya miezi, na tayari inajaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu pamoja na dawa ya kuamsha kinga. Huenda nayo ikashindwa, lakini walau haihitaji kusubiri ile migawanyiko 30.

Nimefika kwenye jambo la tatu, ambalo nimelisubirisha kwa kuwa ndilo zito. Si kweli kwamba seli zenye afya hazina telomerasi. Seli mama za uboho zinayo, seli za ukuta wa ndani wa utumbo zinazojizalisha kila siku zinayo, mizizi ya nywele inayo, seli zinazozaa mbegu za kiume zinayo, na chembe nyeupe za damu huiwasha zinapoitwa kupambana na maambukizi. Kwa kawaida ni kiasi kidogo kuliko cha saratani, hivyo vipimo vya mwaka 1994 vingeweza kukikosa. Asiye na telomerasi ya kutosha hubaki mgonjwa: wapo watu wanaozaliwa na hitilafu katika jeni za kimeng'enya hiki, uboho wao hushindwa kutengeneza damu, na kinyume na mtu anavyoweza kudhani, hatari yao ya kupata saratani fulani ni kubwa kuliko ya wengine. Wagonjwa waliopewa imetelstati walipata sana upungufu wa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na wa chembe nyeupe, kiasi cha baadhi yao kupunguziwa au kuahirishiwa dozi.

Na hapa, Ndugu Mhariri, naomba uvumilivu wako kwa jambo moja la kando. Chini ya makala ileile, katika ukurasa uleule, palikuwa na tangazo la vidonge vinavyodai kuamsha telomerasi na kurudisha ujana. Msomaji aliyeanza juu alielezwa kwamba kimeng'enya hicho ndicho adui. Alipofika chini aliuziwa namna ya kukiongeza. Sijui kama aliyepanga ukurasa alikusudia mzaha. Mgonjwa aliye katikati ya tibakemikali hana sababu yoyote ya kumeza kitu kinachodai kuamsha kile ambacho madaktari wengine wanatafuta namna ya kukizima, na kama amekwisha kukimeza anapaswa kumwambia anayemtibu.

Naomba basi gazeti lako lichapishe masahihisho. Kuhusu usugu, yatosha kusema kwamba telomerasi ni mojawapo ya mambo yanayoisaidia seli ya saratani kuponyoka dawa, pamoja na pampu za utando, ukarabati wa DNA na njia zilizofungwa za kujiua. Kuhusu muda, yatosha kusema kwamba dawa za kuizuia zilizokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa huchukua muda mrefu kuonyesha kazi yake. Ikiwa nafasi ni finyu na ni sentensi moja tu inayoweza kuchapishwa, naomba iwe ile ya kwamba seli za uboho zinaitumia telomerasi na huumia inapozuiwa, kwa sababu mgonjwa anayeamini kwamba dawa haigusi seli zenye afya hataona umuhimu wa kumweleza daktari kwamba fizi zake zimeanza kutoka damu.

Wako katika ujenzi wa habari sahihi,

Mtaalamu wa maabara ya kukuza seli
(Jina na anwani vimehifadhiwa)